Mtoto mchanga kalazwa kwa sababu hanyonyi: fanya hivi, hatua kwa hatua

Hii nawaandikia wazazi ambao saivi mko hospitali, mama yuko wodi ya wazazi anaambiwa "we uko vizuri" alafu mtoto yuko chumba kingine ana mrija puani, na baba yuko nje kwenye benchi anapiga simu huku na huku hajui hata aanzie wapi. Mi nimepita huko na wa kwangu, hapa hapa Dar, kwahiyo mengi nitakayosema ni ya hospitali zetu, ukiwa Mwanza au Mombasa utakuta tofauti ndogo ndogo lakini mwendo ni ule ule. Dakta wako akisema tofauti na mimi, msikilize yeye, yeye ndo kamuona mtoto.

Niseme mapema jambo moja. Wodini kuna kazi za dakta, kuna kazi za nesi, na kuna kazi moja ambayo hakuna anayeweza kukufanyia wewe mama, nayo ni kuhakikisha maziwa hayakati kipindi ambacho mtoto hawezi kuyavuta mwenyewe. Drip watamuwekea, sindano watamchoma, oksijeni watampa, ila wiki mbili zikipita mtoto kapona alafu titi limekauka, hapo mnaanza tatizo lingine jipya. Kwahiyo ukichoka ukashindwa kufanya vyote, fanya hicho kimoja.

Hatua ya 1: Uliza kwanini hanyonyi

Watoto wawili wanaweza kulala vitanda vya jirani wote hawanyonyi na wakawa na matatizo tofauti kabisa, ndo maana usijilinganishe na mama wa kitanda cha pili. Uliza. Na namna ya kuuliza inasaidia, nesi kazidiwa na watoto kibao, ukimvamia kwa hasira hupati kitu.

"Shikamoo sista."
"Marahaba mama, vipi?"
"Samahani, ukipata nafasi naomba unieleweshe, mwanangu tatizo lake hasa ni nini mpaka hanyonyi?"

Hivyo tu. Akikutajia jina la kitaalamu mwambie akuandikie kwenye daftari, usione aibu.

Sababu ambazo utazisikia sana ni hizi. Ya kwanza ni njiti. Mtoto kuvuta, kumeza na kupumua kwa kupokezana bila kupaliwa ni kazi ambayo kwa wengi inaanza kukaa sawa karibu wiki ya 34 ya mimba, kabla ya hapo sio kwamba ni mvivu, hajafika. Na hata wa wiki 35 au 36, wale wanaoonekana wakubwa kabisa mpaka watu wanasema "huyu njiti gani", wanachoka haraka, anavuta mara tatu nne anasinzia titi liko mdomoni. Ya pili ni mtoto aliyechelewa kulia, yani ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, anakuwa mlegevu na hana nguvu ya kuvuta. Alafu kuna maambukizi kwenye damu, huyu alikuwa ananyonya vizuri kabisa ghafla akaacha, na huyo ndo hatakiwi kucheleweshwa hata kidogo, anahitaji antibayotiki haraka. Kuna sukari kushuka, kuna manjano, zote hizi zinamfanya mtoto alale lale tu. Wengine moyo una shida, utamuona akinyonya anahema na kutoka jasho kichwani. Na wapo wenye ulimi ulioshikwa chini au mdomo na kaakaa lililo wazi.

Hawa wa mdomo wazi niwaambie kitu kwa kifupi maana nimeona mama analia wodini akidhani ni mwisho: upasuaji upo, hospitali ya CCBRT hapa Dar wanafanya, mdomo mara nyingi unarekebishwa kuanzia miezi 3 hivi na kaakaa baadae karibu na mwaka mmoja. Mpaka hapo kazi ni mtoto aongezeke uzito tu. Kama ni mdomo peke yake wengi wananyonya vizuri, kaakaa ndo gumu kwasababu hawezi kutengeneza mvuto, huyo atalishwa kwa kikombe au kijiko, au chupa maalum kama ipo.

Viwili vya kukimbia kumwita nesi muda huo huo, usingoje raundi: matapishi ya kijani, na mtoto anayetoa mate mengi yenye povu alafu ukimlisha anakohoa na kubadilika rangi. Hayo yanaweza kuwa utumbo umejiziba au njia ya chakula haijaungana na tumbo, yanataka daktari wa upasuaji.

Hatua ya 2: Anza kukamua leo, usisubiri matiti yajae

Hapa nitakaa sana. Wengi tunangoja "maziwa yaje" ndo tukamue, na yanakuja siku ya tatu au ya nne, na ukiwa umepasuliwa yanaweza kuchelewa zaidi, kumbe hizo siku ulizongoja ndo zilikuwa za kuuamsha mwili. Ukiweza anza ndani ya masaa machache baada ya kujifungua, ukiwa bado kitandani na kanga yako, haijalishi. Zitatoka tone mbili tatu za njano, nzito, dang'a hiyo, hata kijiko cha chai hakijai na hapo ndo watu wanakata tamaa wanasema sina maziwa. Unayo. Inatakiwa iwe kidogo hivyo hivyo, na ina kinga nyingi kuliko maziwa yatakayokuja baadae. Mwombe nesi bomba la sindano jipya lisilo na sindano ufyonzee hayo matone moja kwa moja kwenye chuchu, ukikamulia kwenye kikombe kikubwa yote yanaishia kuganda pembeni.

Namna ya kukamua kwa mkono:

Nawa mikono na sabuni. Kaa vizuri, inama kidogo mbele. Kanda titi taratibu kutoka juu kushuka kuelekea chuchu, kama una kitambaa cha uvuguvugu weka dakika chache kabla. Weka dole gumba juu na vidole viwili chini, mbali kidogo na chuchu, kama vidole viwili hivi kutoka kwenye shina la chuchu, sio kwenye chuchu yenyewe. Sukuma kurudi nyuma kuelekea kifuani, alafu bana, alafu achia. Sukuma, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi utajichubua. Mwanzo hakitoki kitu, endelea, baada ya dakika moja mbili yanaanza. Yakipungua zungusha vidole upande mwingine wa titi, alafu hamia titi la pili, rudi tena la kwanza, mpaka jumla dakika 20 hadi 30. Ikiuma sana basi unakosea sehemu, mwite nesi akuoneshe kwa vitendo.

Mara ngapi? Mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24. Najua. Ni nyingi. Ni kila masaa mawili au matatu, na usiku usiruke, angalau mara moja katikati ya usiku kwasababu homoni inayotengeneza maziwa inakuwa juu zaidi usiku. Titi ni duka la Mangi, mzigo ukitoka ndo unaagizwa mwingine, mzigo ukikaa tu kwenye shelfu hakuna anayeagiza. Weka alamu kwenye simu, na simu yako ikiisha chaji mwambie jirani akuamshe, wodini mtaamshana sana.

Pampu je? Kama unayo tumia, ila siku za mwanzo mkono unatoa dang'a vizuri zaidi na hauhitaji kuchemshwa. Zile za bei rahisi za kuminya kuna sehemu nyingi za kuficha uchafu, usiposafisha kila kona unampelekea mtoto wadudu.

Chombo kiwe na mdomo mpana na mfuniko, kioshwe na sabuni alafu kichemshwe au kimwagiwe maji yaliyochemka. Bandika plasta, andika jina lako, tarehe na saa. Kwa joto la Dar usiache maziwa nje zaidi ya masaa manne. Kwenye friji kwa mtoto mzima mzima wanasema mpaka siku nne, ila kwa mtoto aliyelazwa fuata utaratibu wa wodi, mara nyingi ni mfupi zaidi. Kuyapasha unaweka kikombe ndani ya bakuli lenye maji ya moto, sio jikoni na sio mikrowevu.

Sasa kuhusu uji wa pilipili manga, mtori, supu ya samaki na vyote atakavyoleta mama mkwe. Kula mwenzangu, kunywa, vinakupa nguvu na maji ambayo unayahitaji kweli. Lakini nimeona mtu anakunywa uji chupa nzima alafu anakamua mara tatu kwa siku anashangaa maziwa yanapungua. Uji unakulisha wewe, kinacholeta maziwa ni kuyatoa.

Maswali mawili yanayoulizwa kwa kunong'ona. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha na anakamua kama mwingine, mtoto anapewa dawa yake ya kinga, usiache kimya kimya kwa woga, ongea na nesi. La pili, maziwa ya mama mwingine: hapana, usikubali wala usitoe kienyeji wodini hata kama jirani yako anayo mengi yanamwagika na roho inakuuma. Maziwa ya kuchangia yanataka mama apimwe na maziwa yenyewe yapashwe nyuzi 62.5 kwa nusu saa, kama wanavyofanya hospitali ya Pumwani pale Nairobi walipofungua benki ya maziwa mwaka 2019. Na dakta akiagiza maziwa ya kopo kwa muda kwasababu yako hayajatosha, mpe, hujashindwa kitu. Ila endelea kukamua ratiba ile ile.

Hatua ya 3: Jifunze hesabu ya mililita

Hii inaondoa hofu sana. Ukijua hesabu hutamuona nesi anampa mtoto maziwa kidogo ukadhani anamnyima.

Chukua mtoto wa kilo 2 ambaye hali yake imetulia. Siku ya kwanza wengi wanaanzia karibu mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, kwahiyo 120 kwa masaa 24. Akilishwa kila masaa matatu ni mara 8, gawanya, unapata mililita 15, ambayo ni vijiko vitatu vya chai. Basi. Ndo mlo mzima huo. Kila siku wanaongeza kidogo kidogo mpaka karibu mwisho wa wiki ya kwanza anafika kama 160 kwa kilo, yani 320 kwa siku, mililita 40 kila mlo. Mtoto mdogo sana au anayeumwa anaanza chini ya hapo, mililita moja moja, inayobaki inatoka kwenye drip, na wakiona tumbo limejaa au anatapika wanasimamisha kwanza. Usilazimishe aongezewe.

Uzito nao: utashuka. Karibu watoto wote wanapungua siku za mwanzo, mpaka asilimia 10 inavumilika, kwahiyo aliyezaliwa na gramu 2000 anaweza kufika 1800 alafu akaanza kupanda na kurudi alikoanzia kwenye siku 10 mpaka 14. Baada ya hapo aliyetimiza miezi anaongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, njiti wanategemea kama gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku. Siku moja akikaa pale pale sio msiba. Mizani zinatofautiana, pampasi ikiwa imelowa inabadilisha, angalia siku tatu nne kwa pamoja.

Nunua daftari la shilingi mia tano. Andika saa, umekamua kiasi gani, kala kiasi gani na kwa njia gani, kakojoa, kanya, katapika. Asubuhi kwenye raundi madakta wanapita haraka na wewe ukiwa na usingizi unasahau kila kitu, sasa fungua daftari na uulize matatu tu: uzito umekuwaje, leo anakula mililita ngapi, na kitu gani kikionekana ndo tunasogea hatua nyingine. Hilo la tatu ndo la muhimu, maana "tutaruhusiwa lini" hawawezi kukujibu ila "akimaliza milo yote kwa kikombe tutatoa mrija" wanaweza.

Hatua ya 4: Mrija, kikombe, alafu titi

Mrija ukiuona mara ya kwanza unatisha, unapita puani au mdomoni mpaka tumboni, umebandikwa plasta shavuni. Haumuumi kila saa kama unavyodhani. Kazi yake ni kumpa chakula bila kumchosha, ili nguvu zote ziende kwenye kupona na kukua. Kabla ya kila mlo lazima ihakikishwe uko tumboni sio kwenye mapafu, hiyo ni kazi ya nesi, usimwage kitu kabla hajakuambia. Wakishakufundisha wengi watakuachia ushike mwenyewe: bomba linafunguliwa, kile kisukumio kinatolewa, unamimina maziwa na kuyaacha yashuke yenyewe taratibu. Usisukume. Akikohoa, akibadilika rangi au akiacha kupumua shusha bomba chini maziwa yasimame na uite.

Wakati maziwa yanashuka, kama hali inaruhusu muweke kwenye titi ulilokwisha kulikamua. Harufu ipo, analamba, anavuta kidogo, hazidiwi na wingi wa maziwa akapaliwa, na tumbo linajaa kupitia mrija. Anaunganisha mambo, titi na kushiba. Mi naona hiki ndo kitu kinasahaulika zaidi wodini kwasababu hakuna anayekulazimisha, omba mwenyewe.

Kikombe kinakuja akianza kuamka, kunyonya vidole, kutoa ulimi. Mkalishe nusu wima mapajani, mfunge kanga mikono isirushe kikombe. Kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo tu, alafu subiri. Yeye ndo analamba na kufyonza kwa kasi yake. Ukimmiminia anapaliwa. Itamwagika, weka kitambaa na uhesabu iliyomwagika, usiandike kala 20 wakati 8 ziko kwenye kanga. Chupa wodi nyingi za huku hawazitaki, ngumu kusafisha na mtoto anazoea kuvuta tofauti.

Titi lenyewe sasa. Akiwa ameamka, kabla hajalia njaa, tumbo lake likutane na tumbo lako, kichwa na mwili vimenyooka mstari mmoja. Gusa mdomo wake wa juu na chuchu usubiri afungue mdomo WOTE ndo umsogeze. Akishika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na ule weusi wa titi unauona zaidi juu kuliko chini. Unasikia anameza. Kama unasikia mlio wa kubusu busu na mashavu yanaingia ndani, mtoe, ingiza kidole pembeni ya mdomo, jaribuni tena. Akivuta dakika tano akalala usimlazimishe nusu saa nzima, anaunguza nguvu alizokula, mmalizie kwa kikombe au mrija.

Na jiandae, mambo hayaendi moja kwa moja. Leo kanyonya mara tatu mmefurahi mmepiga simu mpaka kijijini, kesho kachoka, amerudishiwa mrija. Kawaida sana hiyo.

Hatua ya 5: Kangaruu

Mtoto uchi na pampasi na kofia, kifua kwa kifua chako, mmefungwa na kanga au kitenge. Ilianzia Bogotá, Colombia mwaka 1978 kwasababu inkubeta hazikutosha, yani shida ile ile tunayoijua, na saivi Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2022 linataka watoto njiti na wenye uzito mdogo wakae hivyo masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Joto linatulia, anapumua vizuri, analala, na wewe maziwa yanashuka, ukimtoa hapo ukakamue unaona tofauti. Baba anaweza. Bibi anaweza. Wanaume wengi wanaona haya kuvua shati wodini ila akishamweka mara moja atagoma kumtoa.

Hatua ya 6: Gawaneni kazi, na mfunge geti la ndugu

Mama anakamua na kukaa na mtoto. Vingine vyote ni vya baba au dada au yeyote mnayemwamini. Chakula cha moto, nguo safi, kuchaji simu, kulipia vipimo na kufuata majibu maabara. Kwenye pesa: sera inasema huduma kwa watoto chini ya miaka 5 ni bure kwenye hospitali za serikali, ila bado mtatumwa kununua vitu famasi, kwahiyo tembea na akiba kidogo na utunze kila risiti. Mkishindwa msijifiche, kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii, nendeni mapema kabla bili haijawa kubwa. Kama mna bima uliza siku hiyo hiyo mtoto anaingizwaje. Chukueni tangazo la kizazi pale pale hospitali, cheti kinatakiwa ndani ya siku 90. Mama ukiwa umeajiriwa, likizo ni siku 84, na kwa aliyejifungua njiti sheria imeshabadilishwa aongezewe muda, peleka karatasi ya daktari kwa afisa utumishi.

Ndugu sasa. Wanakupenda, ndo tatizo. Huyu atakuja na maji ya sukari, yule asali, mwingine dawa ya chango kwenye kichupa cha soda. Hakuna kinachoingia mdomoni mwa huyu mtoto zaidi ya maziwa na dawa za dakta, tumbo lake ni laini na akipaliwa mnampoteza. Mama mkwe usibishane nae, muachie mwanae aongee: "Mama, dakta amekataza kabisa kitu chochote, tukimpa watatulaumu." Mpe kazi nyingine, mwambie mtori wake ndo unakupa nguvu ya kukamua. Na mtu mmoja tu awe anatoa taarifa kwenye grupu la familia, jioni mara moja, la sivyo utashinda unajibu "anaendeleaje" badala ya kulala.

Hatua ya 7: Wewe nawe ni mgonjwa

Watu wote wanamuangalia mtoto na wewe umejifungua juzi. Damu ikiloweka pedi ndani ya saa moja, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, homa, uchafu wenye harufu, mshono unatoa maji, mguu mmoja umevimba na kuuma: sema siku hiyo hiyo. Titi likiwa gumu, jekundu, la moto na una homa usiache kulikamua upande huo, na mwone dakta. Meza dawa zako.

Kulia bila sababu siku za mwanzo ni kawaida. Ikipita wiki mbili na bado, au huwezi kulala hata ukipata nafasi, au unaona bora usingekuwepo, mwambie nesi kwa maneno hayo hayo. Hutakuwa wa kwanza.

Hatua ya 8: Kabla hamjaruhusiwa

Usikubali ruhusa ukiwa na maswali. Mtoto awe anakula vyote kwa mdomo, anapanda uzito siku kadhaa mfululizo, anatunza joto lake nje ya inkubeta, na hajasimama kupumua. Kama wodi ina chumba cha kulala na mtoto omba usiku mmoja mbili umlishe wewe peke yako huku nesi yupo karibu. Ondoka na karatasi yenye uzito wa siku hiyo, kiasi cha maziwa, dawa (njiti mara nyingi wanapewa madini ya chuma na vitamini, uliza zinaanza lini), na tarehe ya kliniki ambayo isiwe mbali, siku chache tu.

Hatua ya 9: Wiki za kwanza nyumbani

Usingoje alie. Mtoto wa hivi analala hata akiwa na njaa, kwahiyo mwamshe kila masaa matatu mchana na usiku mpaka kliniki waseme inatosha. Kamua baada ya kunyonya kwa muda, ummalizie kwa kikombe, alafu punguza taratibu uzito ukipanda. Pampasi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo usio na rangi kali, ndo ujue anapata. Kangaruu iendelee, na wageni wanawe mikono, wenye mafua wabaki kwao.

Rudi hospitali, usiku huo huo, usingoje kupambazuke, ukiona ameacha kunyonya au ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kinaingia ndani, joto limepita 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, degedege, manjano imefika viganjani na kwenye nyayo, matapishi ya kijani, au amelegea anaamka kwa kutikiswa tu. Tafuta bajaji au gari, mtoto akae kifuani kwako njia nzima, na ubebe ile karatasi ya ruhusa pamoja na daftari ili usianze kusimulia upya pale mapokezi.